Mai hayamshindi

Leo tarehe 12 Februari, kaskazi inavuma tangu alfajiri na mimi nimekaa barazani na Bibi, yeye anasuka ukili mimi nachezea simu, na kila mwaka siku hii huwa sijui nimwambie nini.

Kakake Bibi alichukuliwa jeshini, kitengo cha mizinga. Bibi alikua mtoto mdogo, wa miaka saba hivi, na anachokumbuka zaidi si sura yake ni mabuti. Alipokuja likizo miguu imemvimba kwa sababu kazoea kutembea pekupeku madauni, akawa akifika tu mlangoni anamwita Bibi amfungue kamba, na Bibi anavuta mpaka anaanguka chali wote wanacheka. Basi. Hakurudi tena, meli iliyowachukua ilizama.

Mamake alikataa khitma. Watu wanakuja kumpa pole yeye anawaambia mwanangu kazaliwa Lamu, mai hayamshindi, ataogelea mpaka apate pwani. Akangoja hivyo mpaka akafa, khitma ilisomwa baadaye na wanawe waliobaki, pamoja na sala ya ghaibu, maana kaburi hakuna. Na masheikh wanasema aliyekufa maji ni shahidi, hilo ndilo Bibi analolishika.

Shida ni mimi na hii intaneti. Nimesoma kumbe meli yenyewe ni Khedive Ismail, ilitoka Mombasa tarehe 5 Februari 1944 na msafara wa meli tano kwenda Colombo, na tarehe 12 ilipofika karibu na Maldives nyambizi ya Mjapani ikaipiga topido mbili. Dakika mbili tu ikazama! Wengi walikua ndani wanaangalia tamasha la muziki, hao hata bahari hawakuiona. Walikufa watu 1,297, na kitengo cha mizinga cha Afrika Mashariki ndicho kilichoumia zaidi, waliookoka ni mia mbili na kitu.

Ningeishia hapo nisingelala vibaya. Lakini nikaendelea kusoma, nikakuta nyambizi ilijificha chini ya wale waliokua wakiogelea, na manowari za Waingereza zikarusha mabomu ya majini palepale ili kuiua. Na waliiua kweli, siku ileile. Najua watasema vita ni vita, wangeiacha ingezamisha na zile meli nyingine, sawa, hesabu naiona, ila mimi namfikiria mtu anayejua kuogelea. Yaani kule kujua kwake ndiko kungemfikisha pale juu.

Sasa hivi Bibi kaniuliza, "Simu yasemaje?" Nikamwambia chaji imekwisha. Akanyamaza kidogo, akalowesha ukili, halafu akauliza kama melini nako walikua wakivaa mabuti.