Vile chungu cha jjajja kilikaribia kunifukuzisha kazi

Kwanza yule jamaa wa CV aliyeniambia "ukienda intavyu kwa Wayahudi wa Marekani, lia kidogo" anirudishie dola zangu, zilikuwa arobaini au hamsini, sikumbuki. Nililia kweli, mbele ya watu watatu, na kumbe mmoja wao babu yake alitoka Auschwitz, ile kambi ya Wanazi ya kuua Wayahudi, akiwa hai. Alinisogezea tishu pole pole mpaka nikasikia aibu kwa masikio. Kazi sikupata.

Mimi ni wa Abayudaya, wale Wayahudi wa Mbale, Uganda, ila nimelelewa Kayole, Nairobi, mama akiuza mitumba, ndio maana Kiswahili changu kiko hivi. Sisi tulianza na Semei Kakungulu, mkuu wa vita aliyekosana na Waingereza, akaisoma Torati, akajitahiri yeye na wanawe mwaka 1919, na watu wake wakamfuata. Halafu 1971 akaingia Amin, dini yetu ikapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, wengi wakaenda zao msikitini na kanisani. Tulikuwa kama 3,000, tukabaki kama 300. Jjajja, yaani nyanya yangu, ni mmoja wa hao 300 na hajawahi kuona ni jambo la kulilia.

Intavyu ya pili, hapa hapa Chicago, kituo cha vijana wa Kiyahudi kilichokuwa kinatafuta mwalimu. Nilikuwa nimechoka na homa juu, nikasema liwalo na liwe, nikawasimulia tu vile Ijumaa ilikuwa inafanyika kwa jjajja. Taa iliwekwa chini ya kitanda. Nyimbo za Shabati, yaani Sabato yetu, ziliimbwa mdomo umefungwa, mmm mmm, ukipita nje unadhani mama anabembeleza mtoto. Na kitabu cha sala kilikaa ndani ya chungu, juu yake wimbi, yaani ulezi, limejazwa hadi shingoni, kwa sababu jjajja anasema askari mwenye bunduki hapendi kuchafua mikono na nafaka. Wale watu walicheka, wakauliza maswali nusu saa, mmoja akasema mama yake naye alifichiwa kitu ndani ya gunia la viazi huko Poland. Simu ilikuja Jumatatu. Mambo ya viza nitawaandikia siku nyingine, hiyo ni hadithi ya hasira.

Sasa kiburi. Nilitaka watoto waijue hiyo hadithi kwa mikono, si kwa slaidi, slaidi watoto wa miaka kumi wanalala. Nikaleta chungu kutoka Mbale ndani ya sanduku la nguo, nimekizungushia leso tatu, na uwanja wa ndege nikaulizwa kama ni cha mganga. Wimbi nikalipata duka la Mhindi, wao wanaliita ragi, kilo kama nane. Nikafukia kitabu ndani, nikawaambia watoto kumi na wanne, mkikipata bila kumwaga hata punje moja mna zawadi.

Mlishaona watoto wakitafuta kitu? Dakika mbili chungu kimelala ubavu na wimbi liko kwa zulia, kwa viatu, kwa nywele za msichana mmoja, kwa mashimo ya hita. Na hii ilikuwa siku tatu kabla ya Pasaka ya Kiyahudi, wakati mkate uliochachuka hautakiwi hata ndani ya jengo. Jengo lilikuwa limesafishwa wiki nzima, mpaka droo zimefutwa kwa kijiti cha meno, kutafuta chembe ya mkate. Msimamizi wa kosha, yaani sheria zetu za chakula, akafungua mlango. Nilimwona akihesabu pumzi. Nikaanza kujitetea, wimbi si ngano wala shayiri, ni ile desturi ya Ashkenazi tu, Wayahudi wa asili ya Ulaya, kuliweka pamoja na mchele na maharagwe, tena kosa ni kulila, kuwa nalo si kosa. Akasema uko sahihi kabisa, dada, chukua ufagio.

Nilifagia mpaka saa nne usiku. Chungu nacho kilikuwa kimeingia jikoni asubuhi, nikikisuuza, kwa hiyo kikapigwa marufuku jikoni milele na sinki likachemshiwa maji. Mkurugenzi akaniita. Nikajua narudi Kayole.

Akauliza tu, ungetumia nini kingine? Nikasema kahawa mbichi, bila kufikiri. Kahawa ya Mlima Elgon, huko kwetu Wayahudi, Waislamu na Wakristo walianzisha ushirika mmoja wa kahawa mwaka 2004, na punje zake ni kubwa, zikimwagika unaziokota moja moja. Nikarudia somo baada ya sikukuu. Taa tulizima, tukaimba mmm mmm, na kitabu kilipotoka nikawaambia kuhusu tarehe 11 Aprili 1979, jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda wameingia Kampala, redio inatangaza Amin hayupo, na jioni hiyo hiyo ndio usiku wa kwanza wa Pasaka. Mbale askari wake walikuwa bado wanazunguka, kwa hiyo jjajja aliendelea kuimba mdomo umefungwa, ila anasema safari hii alicheka katikati. Mtoto mmoja akauliza, Watanzania walijua ni Pasaka? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa intavyu.

Ukifundisha, usitumie nafaka karibu na Pasaka. Na zulia lifunike.

Nikampigia jjajja WhatsApp nijisifu. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka hadi akakohoa. Kahawa? Wewe mtoto, miaka ile kahawa ndiyo ilikuwa magendo, watu wanaivusha usiku kwenda Chepkube upande wa Kenya, na askari hawakuwa wanatafuta kitu kingine. Ningekiweka kitabu kwa kahawa wangebeba chungu, kitabu, na babu yako juu.

Mwaka huu sijawaambia watoto hiyo sehemu bado.