Kadi namba 53

Jana usiku mdogo wangu kanitumia ujumbe: "Dada, maswali ya uraia wa Marekani siku hizi ni 128! Wanakuuliza 20, upate 12." Wakati wetu yalikuwa 100, ofisa anauliza hadi kumi, ukipata sita umepita. Kisha akaongeza: "Hapa kwenye swali la kiapo wanataka ahadi mbili. Nikariri zipi?"

Nikaikumbuka ile kadi.

Ilikuwa 2017, hapa hapa Columbus, nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Maswali yote niliyaandika kwenye kadi, swali mbele, majibu nyuma. Mengine yaliingia haraka. Mengine yaligongana na ya shuleni Korogwe: nikisikia neno azimio, kichwani inakuja Arusha, 1967, kabla Thomas Jefferson hajapata nafasi na Azimio lake la Uhuru wa Marekani.

Jumapili moja nasukuma chapati, binti yangu wa miaka minane ananihoji. Alikuwa ofisa mkali, hataki jibu la nusu.

"Swali la 53. Taja ahadi moja unayotoa unapokuwa raia wa Marekani."

"Kutii sheria."

Akageuza kadi, kidole chenye mafuta kikashuka mstari kwa mstari. "Sawa. Lakini ya kwanza hapa inasema kuacha utii kwa nchi nyingine." Akanyanyua macho. "Nchi nyingine ipi, mama?"

Mtoto huyu mimi mwenyewe nilimfundisha kuchora bendera yetu: kijani ardhi, njano madini, nyeusi watu, bluu maji. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Kulijua hilo nililijua tangu naanza kujaza fomu. Kulitamka mbele yake ndiko kulikonishinda. Nikabaki na mpini wa kusukumia mkononi, namtazama, mpaka chapati ikaungua na king'ora cha moshi kikaanza kulia. Tukapanda viti, tukakipungia kanga hadi kikanyamaza. Hakuuliza tena, nami sikulirudia.

Kwenye usaili ofisa aliniuliza maswali sita, nikapata yote, akafunga faili. La 53 hakuligusa. Lakini siku ya kula kiapo ndilo lililotangulia, maneno ya mwanzo kabisa, na niliyatamka pamoja na wenzangu, mkono juu.

Mama nilimwambia baadaye. Alikaa kimya muda mrefu, nasikia kuku wake kwenye simu.

"Kwa hiyo mwanangu, ukija nyumbani utakuja kwa viza?"

"Ndiyo, mama. Dola 100."

"Kuja kwangu?"

Sikuwa na la kusema.

Mdogo wangu nimemjibu asubuhi hii: kulinda Katiba na kutii sheria, hizo mbili zinatosha. Halafu nikamwomba ampigie mama leo, kabla hajala kiapo, amweleze kwa mdomo wake mwenyewe.