Siku 79 za Kuisubiri Kompyuta

Jumatatu ya tarehe 29 Januari 2018, saa nne asubuhi, nilitoka benki pale Kinondoni, Dar es Salaam, nikiwa na karatasi inayothibitisha kwamba dola 4,150 zimekwenda Dubai kwa mtoto wa shangazi yangu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Deira. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa SACCOS, chama chetu cha kuweka na kukopa, nami nilidhaminiwa na wanachama wawili ambao hawakujua hasa kompyuta ya bei hiyo inafanya kazi gani. Mmoja wao, mama mwenye duka la dawa, aliniuliza kama isingefaa ninunue ya Kariakoo. Nilimweleza kwa kirefu, akaniwekea sahihi, ingawa niliona usoni mwake kwamba ameniamini mimi kuliko maelezo yangu.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza ramani za mwinuko wa ardhi kutokana na picha za droni. Mwezi huo wa Januari, kaskazi likivuma na anga likiwa jeupe, tulikuwa tumemaliza kurusha droni juu ya kata ya Hananasif, upande unaoteremkia Mto Msimbazi, tukiwa na vibali vyote vinavyotakiwa. Tulirudi na picha 2,312. Kila picha hupigwa ili ipandane na jirani zake kwa zaidi ya robo tatu, kwa hiyo pembe moja ya paa la bati huonekana katika picha kumi au zaidi, kila moja ikiiangalia kutoka mahali tofauti. Programu huitafuta pembe hiyo katika picha zote, hulinganisha, na kutokana na tofauti ya mitazamo hukokotoa pembe hiyo iko wapi na iko juu kiasi gani. Kisha hufanya hivyo kwa mamilioni ya nukta nyingine: mawe, vizingiti, kingo za mitaro, matairi yaliyopangwa kuzuia udongo. Kinachopatikana mwishoni ni umbo zima la mtaa, ambalo mhandisi anaweza kulitumia kujua maji ya mvua yatapita wapi.

Kompyuta mpakato niliyokuwa nayo, yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 16, haikuweza kuzibeba picha zote kwa pamoja. Ilinilazimu kuukata mtaa vipande tisa, kila kipande kikachukua usiku mmoja na nusu ya siku inayofuata, mashine ikiunguruma na kuchemka juu ya matofali mawili niliyoiwekea ili ipate hewa chini. Muda ule ningeuvumilia. Jambo ambalo sikuweza kulivumilia ni kwamba vipande viwili vilipokutanishwa, ardhi haikulingana. Mahali pamoja, kwenye njia ambayo niliipita kwa miguu nikaikuta tambarare kabisa, ramani yangu ilionyesha ngazi ya sentimita 40. Mtu anayetengeneza ramani ya milima anaweza kuupuuza upungufu wa namna hiyo. Bondeni Msimbazi, sentimita 40 ndiyo tofauti kati ya maji kuishia kizingitini na maji kufika kitandani alipolala mtoto, na mimi sikuwa tayari kuwakabidhi wahandisi kitu ambacho nilijua ni cha uongo. Walikuwa wamenipa hadi mwisho wa Aprili.

Kompyuta niliyoiagiza ilikuwa ya mezani, na niliichagua kifaa kwa kifaa. Kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa kompyuta, kilikuwa Threadripper 1950X cha AMD, chenye viini 16 vya kukokotoa, kilichoingia sokoni Agosti 2017. RAM ilikuwa GB 64. Kadi ya grafiki ilikuwa GTX 1080 Ti, yenye kumbukumbu yake yenyewe ya GB 11. Binamu yangu alikwenda hadi Bur Dubai, kwenye Barabara ya Khalid bin Al Waleed ambako maduka ya kompyuta yamejipanga, akapata fundi aliyekubali kuiunga yote na kuijaribu kabla ya kuisafirisha. Nilifurahia hata jambo dogo kwamba plagi ya kule ni sawa na yetu, yenye meno matatu ya mraba, na umeme wao ni wa kiwango chetu. Nilihesabu wiki tatu.

Wiki mbili baadaye aliniandikia: «Dada, kila kitu kipo isipokuwa kadi.»

Sababu yake ilikuwa mbali sana na Hananasif. Bei ya sarafu za kidijitali ilikuwa imepanda kupita kiasi mwishoni mwa 2017, na kadi za grafiki ndizo zilizokuwa zikitumika kuzichimba, yaani kuzipata kwa kukokotoa hesabu nzito, baadhi ya sarafu hizo, hasa ile iitwayo Ethereum. Watu katika nchi mbalimbali walikuwa wakizinunua kwa makasha. Kadi ambayo ilizinduliwa Machi 2017 kwa dola 699 ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 pale ilipopatikana, na RAM nayo ilikuwa ghali kwa sababu zake nyingine. Muuzaji alipendekeza aweke kadi ndogo ya GB 4 na kunirudishia tofauti. Nilikaa na ujumbe huo siku nzima. Kichakataji cha aina ile hakitoi picha kwenye skrini bila kadi, kwa hiyo kadi fulani ilikuwa lazima. Na hiyo ndogo ingewasha kompyuta, lakini katika hatua ya kukokotoa kina, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye kamera, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayoitegemea kadi, ningekuwa nimelipa mkopo wa miaka miwili kwa mashine isiyofika nilikokusudia. Nilimjibu asubiri, nikaongeza dola 280 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya ada ya mdogo wangu. Hadi leo naamini niliamua sawasawa, ingawa kwa wiki tano zilizofuata sikuwa na uhakika huo.

Kusubiri kitu kilicholipiwa kwa deni ni kusubiri kwa namna yake. Tarehe ya rejesho la kwanza ilifika kabla ya mzigo. Kila asubuhi nilifungua WhatsApp kabla ya kuinuka kitandani, na kila nilipoona binamu ameandika, moyo ulinidunda, hata kama ilikuwa salamu tu ya Ijumaa. Mezani ofisini Sinza nilikuwa nimekwisha kuondoa makabati na kupanga waya, na pale ambapo kompyuta ingekaa palibaki peupe. Nilikuwa pia nimenunua UPS kubwa, betri ya kuibeba kompyuta umeme ukikatika, hiyo kweli kutoka Kariakoo, nayo ilikaa sakafuni ikiwa imejaa chaji na haina cha kulinda.

Kwa kuwa sikuwa na kitu cha kukokotoa, nilianza kwenda Hananasif mara mbili kwa wiki. Awali nilikwenda kuangalia zile alama za msalaba tulizozipaka chokaa ardhini, ambazo wapima ardhi walikuwa wamezipima mwinuko wake ili ramani ipate mahali pa kushikilia. Mzee mmoja, mjumbe wa serikali ya mtaa, aliniona nikiinama juu ya alama hizo, nikamwamkia, naye baada ya kuitikia marahaba akaniuliza, «Mwanangu, hiyo ndege yenu iliona maji?»

Nilimweleza kwamba ilipita wakati wa kiangazi, haikuona maji.

Akanichukua hadi ukutani kwa nyumba yake. Palikuwa na mistari miwili iliyochongwa kwa msumari kwenye plasta. Wa juu ulikuwa wa Desemba 2011, mafuriko yale ambayo baada yake Serikali iliwahamishia baadhi ya wakazi wa bondeni Mabwepande. Wa chini ulikuwa wa Aprili 2014. Nilipima urefu wa kila mstari kutoka kizingitini, kisha nikapima kizingiti dhidi ya alama yetu ya karibu. Siku hiyo alinitembeza nyumba nne zaidi. Mama mmoja auzaye vitumbua alinionyesha ngazi sita za saruji zinazopanda mlangoni kwake, akasema kwamba alianza na mbili, akawa anaongeza kila anapopata fedha, na kwamba tangu zilipofika sita maji hayajaingia ndani. Nyumba nyingine zilikuwa na kikuta kidogo mlangoni cha kuruka kwa hatua ndefu, na choo kilichojengwa juu kiasi kwamba mtu hukipanda. Kufikia katikati ya Machi daftari langu lilikuwa na alama za maji 31, kila moja na mwaka wake na jina la aliyenionyesha.

Kadi ilipatikana tarehe 15 Machi. Fundi aliiunga kompyuta, akaiwasha na kuiacha ikifanya kazi nzito usiku kucha, na binamu akanitumia video fupi ya feni zake zikizunguka, ambayo niliitazama mara nyingi mno. Mzigo ulitua Dar es Salaam Alhamisi ya tarehe 29. Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu, na ofisi hazikufunguliwa hadi Jumanne. Jumanne hiyo wakala wa forodha alinipigia simu akisema kwamba ankara iliyoambatanishwa imeandika «vipuri vya kompyuta», ilhali ndani ya kasha kuna kompyuta kamili, na mzigo hauwezi kutoka kwa maelezo yasiyolingana na kilichomo.

«Kaka, hiyo si kompyuta ileile tu?» nilimwuliza.

«Kwako wewe, dada. Karatasi inasema vingine.»

Alikuwa na haki, na alikuwa mtu mwadilifu ambaye hakuniomba hata senti nje ya malipo yake. Hata hivyo ankara mpya ilichukua siku nane, kwa sababu aliyeiandika ya kwanza alikuwa amesafiri, na siku zote hizo mzigo ulikuwa ukihesabiwa tozo ya ghala. Nilikuwa naweza kuufikia kwa daladala mbili na sikuweza kuugusa. Wiki hizo mbili zilinielemea kuliko ile miezi miwili ya mwanzo.

Kibali cha kuutoa kilipatikana Ijumaa ya tarehe 13 Aprili, jioni. Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilianza, ikanyesha Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Barabara ya Morogoro ilifungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yakasimama, na habari za watu waliopoteza maisha zikaanza kutangazwa. Nilimwomba wakala auache mzigo ghalani. Sikutaka kasha lile lipakiwe kwenye gari lolote katika maji yale. Nilimpigia mzee simu Jumapili mchana. Alisema wamepanda juu, yeye na wajukuu, na kwamba nisijaribu kuja. Nilikaa ofisini nikizitazama picha 2,312 za kiangazi, nikijua kwamba swali ambalo picha hizo zilipigwa ili kulijibu lilikuwa likijibiwa wakati uleule bila ramani.

Nililichukua kasha Jumatano ya tarehe 18. Tulipita kwa mwendo wa kobe pale TAZARA, ambako daraja la juu lilikuwa bado linajengwa, tukaingia Barabara ya Mandela hadi Ubungo, mimi nikiwa nimekaa nyuma na mkono juu ya kasha. Lilipofunguliwa halikuwa na unyevu wala mchubuko. Kompyuta ilikataa kuwaka mara ya kwanza, nikahisi jasho likinitoka. Kijana wa jirani anayetengeneza kompyuta akafungua ubavu wake, akakuta kipande kimoja cha RAM kimelegea njiani, akakibonyeza hadi kikalia. Ikawaka.

Saa kumi na mbili jioni niliipa picha zote kwa pamoja, bila kukata kipande chochote. Saa saba usiku umeme ulikatika kwa dakika sita, na UPS ikaibeba. Saa mbili na nusu asubuhi kazi ilikuwa imekwisha. Kitu cha kwanza nilichokitafuta kilikuwa ile njia tambarare yenye ngazi ya uongo ya sentimita 40, nikaikuta tambarare.

Ijumaa niliporudi Hananasif nilikuta ukutani kwa mzee mstari wa tatu, wa 2018, msumari ukiwa bado juu ya dirisha. Niliupima. Jioni, ofisini, niliyapandisha maji ya kwenye skrini hadi urefu wa mstari huo, nikaiona buluu ikiingia vichochoro ninavyovijua, ikipita nyuma ya msikiti, ikafika kwa mama wa vitumbua na kusimama kwenye ngazi ya nne. Sikuwa nimemwuliza mama huyo. Nikampigia mzee simu.

«Shikamoo mzee. Kwa mama wa vitumbua maji yalifika ngazi ya ngapi?»

«Ya nne. Kwani hukupita kwake leo?»

«Sikupita. Na nyuma ya msikiti?»

«Nyuma ya msikiti hayakupita, mwanangu. Vijana walijaza viroba vya mchanga pale mwezi wa tatu, ndege yenu ilikuwa imekwisha kuondoka.»

Nikachukua daftari, nikamwomba anieleze viroba hivyo vilianzia kwenye nyumba ya nani na viliishia wapi.