Nimepandikiza nywele Istanbul, kuuguza kichwa nimekuja kuuguzia Dar

Kilichouma ni sindano za ganzi tu. Baada ya hapo nililala saa nyingi wakinichomoa mizizi mmoja mmoja kisogoni na kuipanda mbele. Shughuli ilianza nilipokabidhiwa kichwa changu nikiuguze mwenyewe.

Siku za mwanzo mzizi haujashika. Ukisuguliwa unang'oka, na ukishang'oka hauoti tena. Nililala nusu nimeketi, mto wa shingo umenikaba. Uvimbe ukashuka kutoka kwenye paji hadi machoni, nikawa kama bondia aliyepoteza pambano, kisha ukaisha wenyewe.

Mara ya kwanza waliniosha kliniki. Nyumbani nilifanya vilevile: losheni kwa kugusagusa, subiri vigaga vilainike, povu la shampuu ya watoto, halafu maji ya uvuguvugu kwa kikombe. Bomba la mvua marufuku, kucha marufuku. Kisogo kiliwasha kuliko mbele, nikawa napulizia maji ya chumvi ya hospitali. Vigaga havibanduliwi, kwa kawaida vinadondoka kati ya siku ya 10 na ya 14.

Jambo ambalo karatasi ya maelekezo ya kliniki haikuligusa ni sala. Daktari alikataza kuinamisha kichwa, sasa sijda je? Shehe wa mtaani akaniambia nisali nimekaa, nisujudu kwa ishara. Na udhu? Kwetu Mashafii kupangusa sehemu ya kichwa kunatosha, basi nikawa napangusa ubavuni, pasipoguswa. Kofia ya mkono niliiweka kando mpaka vigaga vikaisha, maana ukingo wake mgumu unasugua. Jasho la Dar unalijua: mchana nilijifungia ndani, mazoezi na kuogelea nikasimamisha kwa mwezi.

Wenye nywele za kipilipili tuna mambo yetu. Mzizi umejipinda chini ya ngozi, kwa hiyo kuutoa mzima kunataka mkono uliozoea nywele zetu. Makovu ya keloidi nayo, yale yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe: daktari alikagua makovu yangu yote ya zamani kabla ya kukubali, na asiyeuliza hilo mkimbie. Baadaye nywele mpya zilijikunja ndani zikaleta vipele. Kitambaa cha maji ya moto kilisaidia; vilivyotunga usaha nilimpelekea daktari wa ngozi.

Wiki ya tatu nywele zikaanza kupukutika. Mke wangu alicheka, akauliza kama pesa zinarudishwa. Lakini huo ndio mwendo wake: unywele unadondoka, mzizi unabaki, na kuota upya huanza mwezi wa tatu au wa nne baada ya kupandikiza. Matokeo kamili ni kama mwaka.

Kinyozi nimemwambia kisogoni asishuke chini ya namba mbili. Akizidisha, vidoa vyeupe vya pale ilipotolewa mizizi vinaonekana.