Bastola ya mjomba ilipodondoka kwenye arobaini

Arobaini ya bibi ilifanyika Tabata Segerea, Jumapili, jua lile la kukausha mihogo, wanaume tumekaa nje kwenye mikeka chini ya turubai, wanawake huko nyuma na masufuria ya pilau. Mjomba kachelewa kama kawaida yake, kapaki gari kule mbali kwa fundi cherehani, anakuja anapiga salamu huku na huku, shikamoo nyingi marahaba nyingi, kafika kwenye mkeka kainama avue viatu. Tukasikia ko! Chuma kimegonga sakafu ya saruji. Tunaangalia, bastola hiyo hapo chini, imezunguka kidogo kama sarafu halafu ikatulia mdomo umeelekea kwa wazee.

Hakuna aliyepiga kelele na hilo ndo lilinishangaza, ukimya tu, shehe aliyekuwa kwenye dua naye kanyamaza katikati ya neno. Mjomba kaiokota, kairudisha kiunoni, akasema samahanini jamani, akakaa. Dua ikaendelea. Mi pilau yangu sikuimaliza na wanaonijua wanajua hiyo sio kawaida.

Kwa wasiomjua, mjomba anauza saruji na nondo huko Tegeta, aliwahi kuvamiwa dukani zamani akapigwa panga la bega, baada ya hapo ndo akaomba kibali. Sio mhuni. Kibali chake kipo sawa, 2016 kulipokuwa na ule uhakiki wa silaha alienda kupanga foleni, na ile Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 anaijua kuliko mawakili wengine. Tatizo ni moja, bastola anachomeka tu kiunoni kama fundi seremala anavyochomeka penseli sikioni.

Jioni ananirudisha Kariakoo kwenye gari nikamuuliza.

"Mjomba, ile ilikuwa na risasi chemba?"

"Sasa unadhani natembea na chuma cha kupimia saruji? Mi natembea nimeshakoki. Kibaka hakusubiri ukoki."

"Na ingelia pale?"

"Hizi za kisasa hazilii zikidondoka mjomba. Hayo yalikuwa mambo ya zamani, ya marivolva."

Nikanyamaza maana ni mkubwa na mafuta kaweka yeye. Ila usiku sikulala, nikawa nasoma, na siku iliyofuata, na iliyofuata, dukani wateja wanasubiri mi niko kwenye simu. Kumbe mjomba yuko sahihi nusu, na hiyo nusu nyingine ndo inayotisha.

Tuanze na nusu aliyopatia. Rivolva, yaani zile bastola zenye matundu ya risasi yanayozunguka, za zamani nyingi nyundo yake ikishushwa inakaa juu ya pini, kile chuma chembamba kinachogonga risasi mpaka inalia, na pini imegusa kitako cha risasi. Hapo ikidondoka ikaangukia nyundo imekwisha, maana sakafu imefanya kazi ya nyundo. Ndo maana watu wa zamani kule Marekani rivolva ya risasi sita walikuwa wanajaza tano tu, tundu la chini ya nyundo linaachwa wazi. Kampuni ya Ruger ilitengeneza rivolva za namna hiyo miaka mingi mpaka 1973 walipoleta muundo mpya wenye kipande cha chuma kinachoingia kati ya nyundo na pini pale tu unapovuta triga. Usipovuta, nyundo haifiki kwenye pini hata uirushe kutoka ghorofani. Smith & Wesson nao yaliwakuta 1944, vita vimepamba moto, rivolva yao ilidondoka kwenye meli ya jeshi la maji la Marekani ikaua baharia. Ilikuwa na kizuizi ndani lakini hakikutosha, wakabuni kingine haraka wakakiingiza kwenye uzalishaji.

Sasa hizi za kisasa. Nyingi zina kizuizi cha pini, kipande kidogo kinaizuia pini isisogee mbele mpaka triga ivutwe. Bastola ya Glock iliyoingia jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 80 imeweka vizuizi vitatu, kimojawapo ni kile kiulimi katikati ya triga, kidole kisipokibonyeza triga yenyewe hairudi nyuma. Mi nilikuwa nadhani kile kiulimi ni urembo. Sio urembo bwana, subiri uone.

Kampuni ya SIG Sauer walitoa bastola yao ya P320 mwaka 2014. Bastola nzuri, watu wameipenda, Januari 2017 jeshi la Marekani likaichagua kuwa bastola yake mpya, mkataba wa mpaka dola milioni 580. Ina kizuizi cha pini ndani kama kawaida. Ila triga yake haikuwa na kile kiulimi, na ilikuwa nene, nzito. Sasa fikiria umepanda daladala umesimama, dereva kafunga breki ghafla, gari limesimama wewe bado unaenda mbele. Ndo hivyo hivyo. Bastola ikidondoka ikapiga chini kwa ile sehemu ya nyuma juu, kwa pembe ya kama digrii 30 hivi, bastola inasimama lakini triga kwa uzito wake bado inaendelea na safari, inarudi nyuma yenyewe, na triga ikirudi nyuma kizuizi cha pini kinafunguka kwa sababu ndo kazi kiliyofundishwa, triga ikija fungua. Risasi inatoka. Hakuna kidole popote.

Na hapa ndo niliposimama nikazima feni nisome vizuri. Hiyo bastola ilikuwa imefaulu vipimo vyote! Vipimo vyao vya kudondosha, kwa mfano kile cha chama cha watengenezaji silaha wa Marekani, inadondoshwa kutoka futi 4 juu ya mkeka wa mpira wa inchi moja, mdomo chini, mdomo juu, ubavu huu, ubavu ule, kichwa chini. Pembe ya digrii 30 kwa nyuma haipo kwenye orodha. Yaani mtihani ulikuwa na maswali yanayojulikana, mwanafunzi kayajibu yote, na swali lililoua halikuulizwa. Hata saruji ya msibani kwetu sio mkeka wa mpira.

Agosti 2017 mambo yakalipuka. Polisi wa Dallas wakasimamisha matumizi yake, kampuni ikatoa taarifa kwamba kwenye soko la raia Marekani hakuna tukio la kudondoka lililoripotiwa. Wakati huohuo kuna askari wa Connecticut alikuwa anafungua kesi, bastola yake ilidondoka Januari mwaka huo ikampiga mguuni. Siku chache baadae duka moja la silaha kule Omaha likaweka video, wanaidondosha, inalia, wanaidondosha, inalia. Tarehe 8 Agosti kampuni ikatangaza, naomba usome taratibu, "uboreshaji wa hiari". Lete bastola yako tukuwekee triga nyepesi na vitu vingine vya ndani, bure. Na wakaeleza kwamba tatizo linatokea ikidondoshwa nje ya viwango vya usalama vya Marekani.

Uboreshaji! Wa hiari! Mi ni muuza spea za magari mtaa wa Gerezani, Kariakoo, hiyo lugha naijua. Mteja karudisha pampu ya maji inavuja unamwambia bosi wangu ngoja nikuboreshee. Hutamki kwamba ilikuwa mbovu, maana ukitamka atauliza ulijua lini.

Na swali la ulijua lini ndo lenyewe. Januari 2018 ilitoka ripoti ya ofisi ya majaribio ya Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, inasema kwenye majaribio ya jeshi bastola ilidondoshwa pini ikagonga, na kampuni ikarekebisha kwa kuweka triga nyepesi kwenye bastola za jeshi. Kwa hiyo za wanajeshi zimeshapewa dawa, raia anaendelea kuuziwa ya triga nene. Mi sio hakimu, lakini hapo hata mpiga debe wa Mbagala angeuliza swali.

Haki yao niwape, matengenezo ni bure kweli na triga nyepesi imetibu lile la kudondoka. Kelele zilizokuja baadae ni nyingine, watu wanadai inalia ikiwa kwenye mfuko wake bila kuguswa, kampuni inakataa kabisa inasema haiwezi kulia bila triga kuvutwa. Juni 2024 juri la Georgia likaamua mlalamikaji mmoja alipwe zaidi ya dola milioni 2.3. Mei 2025 jimbo la New Hampshire, ambako ndo makao makuu ya kampuni, likapitisha sheria inayowapunguzia watengenezaji kesi za namna hiyo. Kila mtu na kwao.

Sasa kilichonikera sio SIG peke yao. Kule Marekani kuna tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, inaweza kuamuru pasi, midoli, kitanda cha mtoto virudishwe kiwandani. Bastola haimo. Bunge lao lenyewe liliitoa tangu miaka ya 70. Kwa hiyo kitanda cha mtoto kikiwa na kasoro serikali inaweza kumkaba mwenye kiwanda, bastola ikiwa na kasoro ni hiari yake mwenyewe na aibu yake na mahakama.

Linganisha na magari, hapo niko nyumbani. Eabegi za kampuni ya Takata, ile mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga, mnazikumbuka? Ndani kuna kemikali ya kulipua mfuko, inaharibika kwa joto na unyevu (yaani inaharibika kwa hali ya hewa ya Dar, sema ukweli), ikilipuka inakurushia vyuma usoni. Serikali ya Marekani iliwabana, mamilioni na mamilioni ya magari yakaitwa yarudi kurekebishwa, Takata ikafilisika 2017. Hata hivyo gari lililoshuka bandarini kwetu mtumba kutoka Japani, barua ya kuitwa ilienda kwa mzee wa Osaka aliyeliuza miaka sita iliyopita. Mi huwa nawaambia wateja wangu, chukua namba ya chesesi kaiangalie kwenye tovuti ya kampuni, wananiona nawachelewesha. Na hiyo ni gari, kitu kilichoitwa kwa nguvu. Hicho cha hiari nani atakwambia?

Ila nikikumbuka Ruger nawavulia kofia kidogo. Baada ya kesi nyingi, 1982 walianza kutoa matengenezo ya zile rivolva za kabla ya 1973, unapeleka wanaweka vyuma vipya bure na vile vya zamani wanakurudishia kwenye kifurushi maana kuna wanaopenda vya zamani. Hata ukiwa mmiliki wa kumi. Najua hawakuanza kwa mapenzi, wamechapwa mahakamani kwanza, lakini mlango waliuacha wazi mpaka leo.

Basi Jumamosi nikaenda Tegeta. Nikamkuta mjomba anahesabu nondo, nikamwambia nisomee namba za ile kitu. Kanitazama kama nimemuomba namba ya siri ya benki. Nikamweleza yote, triga, digrii 30, daladala ikifunga breki. Kwenye daladala ndo akaelewa, akaweka daftari chini.

Alinunua mtumba kwa mtu mwenye kibali anayehama, kwa taratibu zote, lakini aina gani hasa ya triga, imetengenezwa mwaka gani, iliwahi kuitwa au la, hajui na hakuwahi kuuliza. Akampigia aliyemuuzia, mbele yangu, kaweka spika.

"Aah mzee, hiyo haina shida, wanayo wengi tu."

Mjomba akakata simu akaniangalia, mi nikaangalia nondo.

Tukaingiza namba kwenye tovuti ya watengenezaji (aina sitaji, sio P320), ikasema haimo kwenye zilizoitwa. Akafurahi, akaagiza soda. Nikamwambia mjomba, hata ile ya SIG Julai 2017 ungeiangalia usingekuta kitu, na ilikuwa inalia vilevile.

"Kwa hiyo unataka nifanye nini, niiuze?"

"Toa risasi chemba. Na utafute mfuko wa maana unaofunika triga, sio kiuno."

Kabisha nusu saa nzima. Kibaka hakusubiri ukoki, unanifundisha mimi, ulikuwa unanyonya mi nauza saruji. Mwisho akainuka akaingia ofisini akafunga mlango, nikasikia magazini inatoka, halafu kile chuma kinavutwa nyuma, krak, na kitu kidogo kikadondoka mezani kikabingirika.

Wiki iliyopita tulikuwa na posa Kigamboni. Mjomba kaja, kainama kuvua viatu, na nimeona wazee wawili wa Tabata wanasogeza miguu. Bastola kaiacha kwenye sefu nyumbani. Kavaa mkanda mpya, mfuko wa ngozi uliotoka kwa fundi viatu wa Mtaa wa Kongo unaning'inia mtupu, anasema anauzoesha kiuno.