Utokapo na Uingiapo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nina mzigo, na afadhali niutue mbele yenu kuliko kuendelea kuubeba peke yangu.

Kuna binti wa hapa kwetu Nyamasaria aliyerudi kutoka Saudia Jumatano ya wiki iliyopita. Wengi mnamfahamu, kwa hivyo sitamtaja jina. Alipokuwa akiondoka tulimfanyia harambee, tukamzunguka pale mbele tukamwekea mikono, na mama mmoja akamfunga leso kiunoni akimwambia asisahau nyumbani. Amerudi na mkoba mmoja wa mgongoni. Kwao na kwangu ni hatua chache tu. Na mimi, mama wa ushirika, nilikaa siku nane bila kwenda kumwona.

Nilijiambia nina shughuli. Lakini Jumatatu alfajiri nikiomba, Roho aliniuliza kwa upole, shughuli gani? Ukweli ni kwamba nilikuwa na kinyongo. Nilitoa shilingi 3,000 siku ile ya harambee, pesa niliyokuwa nimeweka ya kodi, na moyo wangu ulikuwa ukisema: wenzake wanajenga, huyu ameshindwaje? Hayo ndiyo yaliyokuwa ndani ya mtu anayewaongoza katika maombi. Na ilhali njia hiyo mimi mwenyewe nimeipita.

Ndoto ya majuu sisi watu wa huku ziwani tumelelewa nayo. Babu yangu alipenda kutusimulia jinsi Tom Mboya, mtu wa Rusinga, alivyowatafutia vijana nafasi za masomo Marekani, na jinsi ndege moja ilivyoondoka na wanafunzi 81 mwaka 1959. Kila aliposimulia, sisi watoto tulitazama juu, kana kwamba ndege yenyewe bado inapita.

Zamu yangu ilipofika, 2018, haikuwa ya masomo. Nilienda Riyadh kazi ya nyumba. Kule wakati huo mwajiri ndiye alikuwa mdhamini wako, na pasipoti yangu niliiona siku ya kwanza na siku ya mwisho. Lakini kilichoniumiza kuliko joto ni kwamba saa ya Riyadh na saa ya Kisumu ni moja. Jumapili kule ni siku ya kazi. Saa nne asubuhi niko na pasi juu ya kanzu nyeupe, na najua dakika hiyo hiyo kwaya yetu inasimama. Nilikuwa naimba nao kwa sauti ya chini, sauti ikipotelea kwenye mvuke. Mungu alinitunza, siwezi kusema vingine. Miezi 5 ya mwisho sikulipwa, nikaomba kurudi, nikafika nyumbani baada ya miezi 16 nikiwa na deni.

Sasa nisikilizeni, maana jambo hili sijawahi kulisema popote. Niliposhuka Nairobi sikutafuta basi moja kwa moja. Nilienda soko la Gikomba na pesa kidogo iliyokuwa imebaki, nikanunua blanketi zito la mtumba, magauni mawili na viatu vya watoto, nikavishindilia ndani ya sanduku, nikalikalia ndipo zipu ikafunga. Nilitaka likishushwa stejini, mtu wa boda alinyanyue kwa shida na majirani waone. Mdogo wangu nilimpa gauni moja nikamwambia, "Hili nimekuletea kutoka Riyadh." Alilivaa Krismasi. Analo hadi leo.

Uongo ule ni dhambi yangu, na mbele za Mungu nimeitubu. Lakini jiulizeni nilikuwa namwogopa nani. Niliwaogopa watu niliosali nao.

Mnamkumbuka Naomi wa kitabu cha Ruthu. Njaa iliingia Bethlehemu, mji ambao jina lake ni nyumba ya mkate, wakavuka kwenda Moabu, wakakaa huko kama miaka kumi. Alizika mume kule, akazika na wana wawili. Aliporudi mji wote ulitaharuki, na wanawake wakauliza, "Je! Huyu ni Naomi?" Naye hakushindilia sanduku. Alisema wazi kwamba alitoka amejaa na Bwana amemrudisha mtupu. Ujasiri huo mimi sikuwa nao. Na tazameni wale wanawake. Mwishoni mwa kitabu ndio waliosimama naye mkwewe Ruthu alipozaa mtoto, ndio waliompa jina Obedi. Walianza kwa kushangaa, lakini hawakuondoka.

Sisi je? Tunaipenda sana Zaburi ya 121 tukisindikiza mtu: Bwana atakulinda utokapo na uingiapo. Utokapo tunalipigia vigelegele. Kwa ajili ya viza tunafunga na kukesha, viza ikitoka kuna ushuhuda na sadaka ya shukrani. Uingiapo tumemwachia nani? Ni lini tulimwita mtu mbele tukamwekea mikono kwa sababu amerudi tu, mzima, anapumua? Akirudi na kontena tunampa kiti cha mbele. Akirudi na mkoba tunamuuliza atarudi huko lini. Wapendwa, mchango si hisa. Ukimtolea mtu mbele za Bwana, umetoa. Usimdai faida kwa macho kila akipita njiani. Nasema kwa ukali kwa sababu macho hayo yalikuwa yangu.

Alhamisi nilikwenda. Nilibeba unga na omena. Binti alinifungulia mlango, akanipokea mfuko, kisha akarudi nyuma akasimama ukutani, mikono imekunjwa mbele, macho chini. Nikaketi, akabaki amesimama. Mama yake akamwambia, "Keti, mwanangu, hapa ni kwenu." Akaketi ukingoni mwa kiti. Chai ilipokwisha kwenye kikombe changu alikuwa amesimama tena kabla sijakiweka chini. Mimi nayajua hayo. Yalinichukua karibu mwaka kuyaacha.

Sikumuuliza lolote. Nilimweleza habari ya Gikomba, yote, hadi gauni. Alilia, nami nikalia, tukaomba. Jumapili amesema atakuja, na tutakaa naye benchi moja, upande wa dirisha. Nawasihi, mwenye kumsalimia amsalimie, amuulize kama amelala vizuri, aishie hapo.

Jioni hiyo nikampigia mdogo wangu simu, nikamwambia gauni lile lilitoka wapi hasa na nililinunua kwa pesa gani. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza, "Na wewe siku hiyo ulikula nini?"