Ukiambiwa ameachiwa, uliza ameachiwa kwenda wapi

Simu za namna hii huja usiku, na nyingi huja wikendi. Mtu hajarudi kutoka kazini, simu yake inaita tu, halafu rafiki aliyekuwa naye kwenye gari anapiga: "Dada, polisi wamemchukua." Wapi? "Huko njiani, kabla hujafika Bowling Green." Mimi si wakili. Nilikulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi huko Tanzania, sasa naishi Lexington, Kentucky, Kiingereza cha ofisini nakimudu, na kanisani kwetu wamezoea kunipigia mimi kwanza. Naandika haya kwa sababu nataka kila nyumba yenye mtu wetu katika jimbo hili iweze yenyewe kumtafuta aliyekamatwa bila kunisubiri niamke.

Anza na barabara. Kentucky ina kaunti 120, nyingi ndogo na za mashamba, na mtu hupelekwa kulingana na kaunti alikokamatwa, hata kama anaishi mbali kabisa. Kwa hiyo muulize aliyeshuhudia: mlikuwa barabara gani, mji gani mmetoka kuupita, kibao cha mwisho mlichokiona kiliandikwa nini? Kisha fungua ramani utafute mipaka ya kaunti. Baadhi ya kaunti hazina jela yake, huwalipia watu wao wakae jela ya jirani. Basi usipomwona kwenye kaunti ya kwanza, piga simu pale uulize swali moja tu: watu wanaokamatwa hapa kwenu mnawapeleka jela gani?

Halafu kuna jambo linalowapoteza wengi. Katika majimbo mengi ya Marekani jela ya kaunti iko chini ya sherifu. Hapa Kentucky, ukiacha miji mikubwa kama Louisville na Lexington yenye idara zake za jela, kaunti humchagua kwa kura mkuu wa jela, na sherifu ni mtu mwingine kabisa. Sherifu analinda mahakama, anapeleka hati, hata kodi ya nyumba na ardhi anakusanya yeye. Ukimpigia sherifu kuhusu mfungwa utaambiwa huyo hayupo kwetu, na utaamini amepotea. Tafuta namba ya jela yenyewe.

Jela nyingi zina ukurasa wenye orodha ya waliomo: jina, umri, siku na saa ya kuandikishwa, nani alimkamata, mashitaka, kiasi cha dhamana, mara nyingi na picha. Ila mtu haonekani hapo dakika anayoingizwa. Kwanza anapigwa picha, anachukuliwa alama za vidole, anaulizwa kuhusu afya, vitu vyake vinaandikwa na kufungwa kwenye mfuko. Usiku wa Jumamosi kwenye jela ndogo, mtumishi huyo huyo ndiye anayepokea simu na kufungua milango. Subiri saa kadhaa, kisha angalia tena.

Tatizo letu kubwa ni majina. Nilimtafutia mama mmoja mume wake katika kaunti ya vijijini, kusini kuelekea mpaka wa Tennessee. Orodha ya mtandaoni haikuwa na mtu kama huyo. Nikapiga simu, yule wa kaunta akatafuta, akasema hayupo. Nikamwomba atafute kwa tarehe ya kuzaliwa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Ninaye mmoja wa tarehe 1 Januari, lakini jina lake la ukoo ni Innocent." Ndiye huyo huyo. Innocent ndilo jina lake la ubatizo, wamelisukuma mwisho likawa la ukoo, na jina la baba limewekwa mwanzo likiwa limepungua herufi.

Wengi wetu tunabeba majina matatu yasiyokubali mpangilio wa fomu za Marekani. Byamungu litaandikwa Biamungu, na lenye Nd mwanzoni litaandikwa vyovyote askari alivyolisikia. Kwa hiyo andika herufi tatu za kwanza tu, usiandike jina zima. Geuza mpangilio. Tafuta kwa kila jina peke yake. Ukikwama, tumia tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye karatasi zake, hata kama kwenu mnajua alizaliwa msimu wa mvua mwezi wa nne. Wakimbizi wengi wameandikishwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo ongeza na mwaka, maana mnaweza kuwa wawili humo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Kesho yake yule mama aliangalia orodha akakuta jina la mumewe halipo tena. Akapiga jela, akajibiwa neno moja: ameachiwa. Akapika sombe na ugali, watoto wakaoga, wakakaa kusubiri. Giza likaingia. Mume hakutokea kwa sababu alikuwa ametoka jela moja na kuingia nyingine: kaunti ya pili ilikuwa na hati ya kumkamata kwa kutofika mahakamani kwenye kesi ya zamani ya kuendesha bila bima. Kwa jela ya kwanza, faili lake limefungwa, ameachiwa kweli. Kwa watoto wale ilikuwa habari ya uongo.

Tangu hapo sikubali kuishia kwenye jibu hilo. Kila anayetoka jela huandikiwa sababu ya kutoka, na sababu hiyo ndiyo habari yenyewe. Huenda hakimu amemruhusu kwa ahadi yake mwenyewe bila pesa. Huenda dhamana imelipwa, au kifungo chake kimeisha, au mashitaka yamefutwa. Na huenda amekabidhiwa kwa kaunti nyingine, kwa jimbo, kwa serikali ya shirikisho au kwa ICE, yaani idara ya Marekani inayokamata na kufukuza watu kwa mambo ya uhamiaji. Uliza hivi: ametoka kwa sababu gani, saa ngapi, amekabidhiwa kwa nani? Andika na jina la aliyekujibu. Kama alitoka kwa miguu yake, uliza ana tarehe gani ya kurudi mahakamani, kwa sababu asipofika siku hiyo ndipo hati mpya inapozaliwa. Na kumbuka Kentucky ina saa mbili: saa tatu asubuhi ya Bowling Green ni saa nne ya Lexington.

Kuhusu dhamana, hapa hakuna mawakala wa kukuwekea dhamana kwa malipo. Kentucky ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1976. Akikupigia mtu anayedai yeye ni wakala na anataka pesa kwa kadi za zawadi, kata simu. Pesa hulipwa kwa karani wa mahakama, na ofisi ikiwa imefungwa uliza jela kama wao wanapokea. Chukua risiti.

Ukisikia ameenda kwa ICE, wao wana ukurasa wao wa kutafuta. Wanataka namba ya faili lake la uhamiaji, ile inayoanza na herufi A, pamoja na nchi aliyozaliwa. Bila namba utatumia jina, lakini pale jina lisipofanana herufi kwa herufi na lililo kwenye faili lao, humpati, kwa hiyo ile hila ya herufi tatu haisaidii. Jela pia inaweza kuombwa na ICE imshikilie mtu hadi saa 48 baada ya muda wake wa kutoka, na mara nyingi hilo huonekana kwenye orodha kama mstari mmoja zaidi chini ya mashitaka. Uuone mstari huo kabla hujalipa dhamana, na umwonyeshe wakili. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla iliyotoka humu humu Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wakili wa utetezi lazima amweleze mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Mwambie mtu wako asikiri chochote kabla hajauliza hilo kwa wakili, na aombe mkalimani wa Kiswahili. Mahakamani mkalimani ni bure.

Chombo kimoja kinafanya kazi ya kuangalia orodha badala yako: VINE. Kilianza Louisville mwaka 1994, baada ya Mary Byron kuuawa Desemba 1993, siku aliyotimiza miaka 21, na mpenzi wake wa zamani aliyekuwa ametolewa jela bila yeye kujulishwa. Unajiandikisha bila malipo, na hali ya mfungwa ikibadilika unapigiwa au unatumiwa ujumbe. Akina mama wanaoishi na hofu ya mwanaume aliyewapiga, hiki ni chenu kwanza, na wala hamhitaji ruhusa ya mzee wa ukoo kujiandikisha.

Naomba pia tuache kusambaza zile picha za jela kwenye makundi ya WhatsApp. Picha inapigwa siku ya kuandikishwa, kabla hakimu hajasikia lolote. Kuna kurasa za biashara zinazozichukua na kuziacha hewani hata kesi ikifutwa, na nimemwona kijana wetu akikataliwa nyumba ya kupanga kwa sababu hiyo, na shitaka lake lilikuwa limeshafutwa zamani.

Leo jioni, kabla hujalala, chukua karatasi. Andika majina ya kila mtu mzima wa nyumbani kama yalivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa ya kwenye karatasi, namba ya A, na simu ya wakili kama mnaye. Mpe nakala mtu mmoja mnayemwamini nje ya nyumba.